Ukuta wa Joto katika Msikiti wa Mbao

Wenzangu mliobaki kazini, na hasa nyie vijana mnaokabidhiwa pikipiki na bomba la moshi la kufukizia nyuki asubuhi moja na kuambiwa nendeni mkafundishe watu kufuga nyuki: mmeniomba niandike machache kabla sijayasahau. Ya vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuja vimechoka njiani, na mshahara wetu kila mtu anaujua. Nitaandika yaliyonishtua, maana ndiyo yaliyonifundisha. Na lililonishtua kuliko yote lilinikuta wiki tatu baada ya kustaafu. Vifaa vya ofisi nilikuwa nimekwisha kuvirudisha, nikaenda kama mgeni tu kutazama msikiti mpya wa mbao upande wa Mwamkulu. Ili mlielewe, lazima nianze nyuma.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa porini, upande wa Inyonga. Nilipelekwa kwa Mzee Lusambo, Mkonongo mmoja ambaye kwenye karatasi aliandikwa mhudumu, lakini hakukuwa na afisa aliyethubutu kufungua mzinga kabla ya kumuuliza yeye. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti, daftari jipya, na kikapu chenye ndizi mbivu nne za chakula cha mchana.

"Mwanangu, umebeba nini humo?" akaniuliza.

"Ndizi, baba. Tutakula wote."

Alizichukua moja moja akazirusha mbali kabisa vichakani. Halafu akakinusa kikapu, nacho akakitundika mtini, hatua nyingi kutoka tulipokuwa. Nilishtuka. Nilidhani nimekabidhiwa kwa mtu asiye na akili timamu.

"Nyuki akichoma," akaniambia bila kuinua sauti, "pale alipochoma hutoka harufu. Ni harufu ya ndizi mbivu. Wenzake wakiinusa wanajua vita imeanza. Wewe umekuja nyumbani kwao na mbiu ya vita kwenye kikapu."

Tulishinda na njaa. Mchana kutwa alinikalisha chini ya mzinga wa gome uliotundikwa kwenye tawi, akasema leo sishiki kitu, leo kazi yangu ni sikio. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Jioni aliniuliza nimesikia nini, nikasema mvumo. Akacheka, akanirudisha kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu nikaanza kutofautisha. Nyuki wakiwa kazini mvumo wao ni wa chini, hauna haraka, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Ukipanda na kuwa mwembamba, ujue wameudhika. Ukipanda halafu usishuke, ondoka, usisubiri kuona. Chuoni hatukufundishwa hilo, na nyie pia hamtalikuta kwenye vitabu vyenu. Nendeni mkakae chini ya mzinga.

Jambo la pili lililonishtua lilitokea Sibwesa. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kazi, na mtu akizoea kazi ndipo kazi humgeukia. Niliwaruhusu wanakikundi fulani kutundika mizinga pembeni mwa shamba la Mzee Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Nilipima umbali kutoka kwenye nyumba zake, nikaona unatosha. Sikufikiria plau. Siku ya kulima, ng'ombe wanne waliofungwa nira walipita karibu na mizinga, plau ikagonga mzizi, mti ukatikisika. Wachungaji walikimbia. Ng'ombe hawakuweza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amefungwa kwa mwenzake. Wawili walikufa palepale wakiwa bado kwenye nira.

Mzee Masanja hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Mama, mimi ng'ombe wangu wanajua kukimbia. Siku hiyo walikuwa kwenye mstari." Sentensi hiyo nimeishi nayo. Tangu hapo, kila nilipopima mahali pa kuweka mizinga, swali langu la kwanza lilikuwa: ni nani hapa ambaye hataweza kukimbia?

Baadaye nilianza kufundisha, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi niliyoipenda. Nilizunguka na bomba langu la moshi, nikifundisha kwamba moshi mzuri unatokana na samadi kavu ya ng'ombe, na juu yake majani mabichi kidogo ili usiwe wa moto. Nilifundisha mzinga wa mbao badala ya kuchuna magome ya miti. Na kila darasa nilisema maneno yaleyale kuhusu nta: "Mzinga mpya haunuki kitu, ni sanduku tu. Yeyusha nta, paka ndani, hasa kwenye mstari unaotaka wajenge. Nyuki wapelelezi wakipita watanusa na kusema hapa wenzetu waliwahi kuishi. Paka nta, nyuki atakuja. Usipopaka, utamngoja mpaka uzeeke." Watu walicheka hapo, na mimi nikawa nangoja wacheke.

Katika darasa moja alikuwemo fundi seremala aitwaye Maganga, Mnyamwezi, mtu mrefu asiyeuliza swali hata moja. Mimi hupenda mwanafunzi anayeuliza, kwa hiyo nilidhani hasikii. Wiki iliyofuata alileta mzinga aliouchonga mwenyewe. Mbao zilikutana kiasi kwamba ukiuinua juani huoni mwanga ndani, na haukuwa na msumari hata mmoja, ni vijiti vya mbao tu vilivyopigwa kwenye matundu. Nilimpa mkono mbele ya wote. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mizinga ya kikundi chochote nilichokifundisha ilitengenezwa na Fundi Maganga.

Basi nikastaafu. Waliniandalia soda na wali, wakanipa kitenge. Wiki tatu baadaye akaja Bi Tatu, rafiki yangu mwenye duka la vitenge kule Majengo, akaniambia Jumamosi wanakwenda kufungua rasmi msikiti wa mbao. Wafanyabiashara wa Majengo wenye mashamba upande wa Mwamkulu walikuwa wamechangia, pamoja na wakazi wa hukohuko, na Bi Tatu ndiye aliyewahimiza akina mama wachangie mbao za upande wao. Fundi alikuwa Maganga.

Tulikodi bajaji. Bi Tatu alikuwa amejipaka marashi ya waridi kiasi cha kutosha arusi mbili.

"Leo usianze habari za mizinga," akaniambia. "Tunakwenda kuswali."

"Nimestaafu, shoga. Nyuki nimewaachia vijana."

"Umestaafu, lakini ushungi wako bado unanuka moshi."

Nilipouona ule msikiti nilisimama. Nimeona majengo ya mbao mengi, mengine yanaegemea upande kama mgonjwa. Hili lilikuwa limesimama juu ya nguzo fupi ili mchwa na matope ya masika visilifikie. Sakafu ilikuwa ya mbao, kuta za mninga, na kila ubao ulikuwa umerandwa kwa mkono. Kwenye kibla fundi alikuwa amechonga upinde kutoka kwenye ubao mmoja mpana, bila nakshi nyingi, mistari mitatu tu inayofuatana. Na jengo zima lilikuwa linang'aa kwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Maganga alinikuta mlangoni. Nywele zake zimekuwa nyeupe kama zangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hii umejenga na nani?"

"Na mikono hii, na wale wa kunishikia mbao. Msumari hakuna. Msumari unaliwa na kutu, mbao inabaki na tundu." Akapitisha kiganja ukutani. "Gusa, Mwalimu. Hii siyo vanishi."

Niligusa. Ukuta ulikuwa laini, una utelezi kidogo. Nikanusa vidole vyangu.

"Ni nta," akasema. "Ulitufundisha mwenyewe. Nilifikiri, kama nta inaufaa mzinga, haiwezi kuwa mbaya kwa nyumba ya Mungu. Nimepaka ndani yote. Hata katikati ya ukuta, kusikoonekana, nimepaka."

Wenzangu, hapa ndipo ningepaswa kushtuka. Mtu aliyefanya kazi hii tangu ujana amesimama ndani ya nyumba iliyopakwa nta, na aliyeipaka ni mwanafunzi wake, na yeye anaona fahari. Nilitabasamu. Nilimwambia imependeza. Furaha iliniziba masikio ambayo Mzee Lusambo alinifungulia.

Akatuonyesha ukuta wa katikati, unaotenga upande wa wanaume na wetu. Aliupanga mbao pande mbili na kuacha nafasi ya upana wa kiganja ndani yake.

"Nafasi ya nini?" Bi Tatu akauliza.

"Sauti isipite, Bi. Watoto wakilia."

"Sema ukweli, fundi. Sauti zetu."

Maganga akaangalia chini, akacheka kimya kimya. Karibu na dari na karibu na sakafu, alikuwa ametoboa safu za matundu madogo, pande zote mbili, ili sauti ya imamu itufikie. Matundu ya kuingia ncha ya kidole. Aliyatoboa, akasema, kwa keekee ileile anayotobolea milango ya mizinga. Na pale ukuta huo unapokutana na ukuta wa nje, chini ya paa, aliacha upenyo wa hewa ili mbao zisivunde.

Nje, kwenye mabomba ya udhu, kulikuwa na nyuki wawili watatu. Mama mmoja aliwapungia kanga. Mwingine akasema wanafuata maji. Mimi, nikiwa mtaalamu, nikathibitisha: ndiyo, msimu huu wanafuata maji. Na ni kweli nyuki hufuata maji. Lakini ningeinua macho kidogo tu ningeona wanapokwenda baada ya kunywa.

Tukaingia. Upande wa wanawake misikitini kwa kawaida hauna watu, wanawake wachache huja Ijumaa tu, lakini siku hiyo tulijaa hadi mlangoni. Bi Tatu ana magoti mabovu, kwa hiyo aliwekewa kiti cha plastiki mwisho wa safu ya kwanza, bega lake likiegemea ule ukuta wa katikati. Mimi nilikuwa kando yake. Mlangoni kulikuwa na chetezo kilichokwisha kuwashwa makaa, na nje wapiga dufu walikuwa wanapasha ngozi za dufu zao motoni ili zikaze. Baada ya swala ya adhuhuri zingepigwa humo ndani.

"Hebu shika hapa," Bi Tatu akaninong'oneza. "Ukuta wa fundi una joto kama mtu."

Nikashika. Kulikuwa na mawingu, mbao nyingine zote zilikuwa baridi. Pale palikuwa na joto. Siyo joto la jua. Joto la homa.

Swala ikakimiwa, tukasimama. Najua joto hilo. Nyuki wakiwa na watoto huwapasha moto masika na kiangazi, hawaachi likapungua. Nilijiambia haiwezekani. Unapozijua dalili zote na bado ukajiambia haiwezekani, huo ndio mshtuko wenyewe: akili inakataa kusimama pale macho yalipo.

Adhuhuri husomwa kimya. Kwa wenzangu wasio Waislamu: mchana huo imamu hasikiki akisoma, watu wote husimama bila sauti. Na ndani ya ukimya huo nikausikia. Mvumo wa chini, usio na haraka, kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Tukaenda rukuu, tukainuka, tukaenda sijda. Hapo watu wote walishuka kwa pamoja juu ya sakafu ya mbao, magoti na viganja, na sakafu hiyo imefungamana na ukuta ule kwa vijiti vya Fundi Maganga visivyolegea. Jengo zima likasema du. Mvumo ukapanda. Ukashuka. Sijda ya pili: du. Ukapanda tena, na safari hii ulichelewa kushuka.

Rakaa ya pili nilisimama nikiwa siswali tena, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu. Safu zilizosimama bega kwa bega, miguu imegusana, macho chini. Nikamkumbuka Mzee Masanja na sentensi yake. Siku hiyo walikuwa kwenye mstari.

Sijda mbili za rakaa ya pili. Mvumo ukawa mwembamba, na haukushuka. Tulipokaa kwa tahiyatu, nyuki mmoja akatoka kwenye tundu la chini, akatembea juu ya ubao akielekea kwenye harufu ya waridi. Bi Tatu akajipiga shingoni bila kufumbua macho. Na baada ya pumzi mbili nikaisikia, imejaa puani kama siku ile Inyonga: harufu ya ndizi mbivu.

Zilikuwa zimebaki rakaa mbili, yaani sijda nne, na baada yake dufu.

Kwetu imamu akikosea, wanaume humkumbusha kwa kusema Subhanallah. Mwanamke hapazi sauti, hupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono. Ni ishara pekee niliyoruhusiwa, na mikono yangu iliifanya kabla sijafikiri. Imamu alikuwa anainuka kwa rakaa ya tatu. Nikapiga kofi mara mbili.

Sheikh Sudi, imamu wetu, ni mtu makini, na swala yake ni ndefu. Alidhani amepunguza au amezidisha. Akasita kidogo, halafu akaendelea. Sikupata ufumbuzi mwingine. Nikakata swala yangu, nikageuka, nikawaambia akina mama kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale: "Tokeni nje mmoja mmoja, wa nyuma kwanza. Msikimbie. Msijipigepige. Kuna nyuki ukutani."

Mmoja akaanza kuinua sauti. "Jamani nyuki..."

"Ukipiga kelele watatoka," nikamwambia. "Ukinyamaza utawahi kula wali."

Akanyamaza. Wakaanza kutoka, viatu mkononi. Bi Tatu alibebwa pamoja na kiti chake, shingo imeanza kuvimba, akisema polepole kwamba alijua tu, kwamba hawezi kwenda na mimi mahali tukarudi salama.

Nikachukua chetezo. Bomba langu nilikuwa nimelirudisha ofisini, limeandikwa na kupokewa. Lakini chetezo ni nini kama siyo bomba lisilo na pua? Upande wa pili wa uzio kuna zizi. Nikamtuma mama mmoja samadi kavu, nikang'oa majani mabichi chini ya mabomba ya udhu, nikaweka juu ya makaa na ubani wake humohumo. Nikaingia, nikapiga magoti, nikapuliza moshi kwenye matundu ya chini, kisha ya juu.

Hapa naomba msome taratibu. Moshi haupelekwi pale nyuki wanapoingilia, unapelekwa pale ambapo hutaki watokee. Upenyo wao ulikuwa nje chini ya paa, huko niliwaachia wazi. Matundu ya ndani ndiyo niliyoyajaza. Nyuki akinusa moshi hudhani pori linaungua, hurudi kwenye masega na kujaza tumbo asali tayari kuhama. Na nyuki aliyeshiba ni kama mtu aliyeshiba, hatafuti ugomvi.

Kwa kuwa nafasi ya ndani ilikuwa moja, moshi ulipita ukatokea upande wa wanaume. Walidhani ni ubani wa shughuli. Sijda mbili kati ya zile nne zilikwisha kupita nikiwa nje. Ya tatu ikaja: du. Nyuki watatu walinichoma mkononi. Ya nne: du. Mvumo ulitetemeka lakini ukaanza kushuka. Nikasema sasa wanatoa salamu, tumepona.

Hawakutoa. Sheikh Sudi, mtu makini, alikuwa hajasahau lile kofi langu. Mtu aliyeshuku swala yake huongeza sijda mbili za kusahau. Nikasikia takbira, na watu wote wakashuka tena kwa pamoja juu ya ile sakafu. Du. Na tena: du. Nilifunga macho. Nilikuwa nimepiga kofi ili kuokoa watu, na kofi langu limeongeza mitikisiko miwili.

Nyuki kadhaa walitoka upande wao. Lakini mwisho wa safu ya kwanza, ubavuni mwa ukuta, alikuwa Maganga. Baadaye aliniambia kwamba alinusa ubani, akanusa na samadi na majani mabichi, na kwamba moshi huo aliunusa mara ya kwanza kwenye darasa langu na hajawahi kuunusa kwa mtu mwingine. Mtu niliyedhani hasikii. Salamu ilipotolewa alisimama akasema kwa sauti ya kawaida, "Ndugu zangu, tutoke nje polepole, viatu tutavifuata baadaye. Wenye dufu, msipige. Msiguse kabisa." Watu wanamwamini mtu aliyejenga sakafu waliyosimama. Wakatoka. Mzee mmoja alichomwa sikioni, Sheikh Sudi ndevuni, na wengine wachache. Hakuna aliyeanguka. Bi Tatu alipelekwa zahanati kwa bajaji ileile, akarudi kabla wali haujapoa.

Kanuni ya kazi inasema kundi lihamishwe jioni. Siku hiyo niliivunja: walikuwa wameshiba moshi na asali, na kuwaacha wazinduke huku watu wamejaa uwanjani ilikuwa hatari zaidi. Maganga alikimbilia nyumbani, akaleta mzinga mtupu na kofia moja ya wavu.

"Vaa wewe, Mwalimu."

"Vaa wewe. Mimi nina ushungi."

Aliuvuta ubao wa kwanza kwa kulegeza vijiti vyake kwa vidole. Kama angetumia misumari tungegonga na kung'oa, na nisingekuwa naandika haya. Ubao ukatoka bila sauti. Nilishusha chetezo chini.

Masega saba yalikuwa yananing'inia, meupe kwa juu, yamejaa watoto katikati. Yalinyooka kama yamepigwa kamba. Na yalinyooka kwa sababu kila sega lilianzia kwenye mstari wa nta. Maganga alipopaka ndani ya ukuta, mkono wake ulienda kwa mazoea, mstari baada ya mstari, kwa nafasi ileile niliyowafundisha. Alikuwa amejenga msikiti, na ndani ya msikiti mkono wake ukajenga mzinga. Mzuri kuliko wote aliowahi kutengeneza.

Tuliyakata moja moja na kuyafunga kwenye vijiti vya juu vya mzinga. Malkia tulimpata kwenye sega la nne. Tulipomaliza, Maganga alivua kofia akakaa sakafuni.

"Mwalimu," akasema, "ulitufundisha pa kupaka. Pa kutopaka hukusema."

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Niliwaambia wangapi kwamba nta humwita nyuki, wakacheka pale nilipotaka wacheke. Hata mmoja sikumwambia: basi usiipake pale ambapo humtaki. Nilidhani linajieleza. Vijana, hakuna kinachojieleza. Mkifundisha kitu kinachoita, semeni palepale ni wapi kisitumike, hata kama mtaonekana mnawafundisha watu wazima kula.

Nilimwambia nitarudi Jumatatu na kisu cha kukwangulia, tukwangue ndani yote pamoja. Akasema kazi hiyo ni ya wiki mbili. Nikamwambia nimestaafu.

Sheikh Sudi akaja mlangoni, kidevu kimevimba upande mmoja. Alikuwa amesubiri kwa adabu mpaka tumalize.

"Mama Nyuki, lile kofi," akasema. "Limenisumbua. Nimehesabu na maamuma wote walioswali nyuma yangu, rakaa zilikuwa nne. Nilisahau nini?"

"Hukusahau kitu, Sheikh. Aliyesahau ni mimi."

Nikamweleza habari ya nta, tangu darasa la kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akiushika ule ubao uliotolewa na kuunusa.

"Mimi nimesujudu kwa kusahau kwangu, ambako hakukuwepo," akasema. "Kwako siwezi kusujudu, kila mtu na chake. Lakini nasikia ulikata swala. Adhuhuri yako bado unayo, na alasiri iko karibu."

Nilienda kwenye mabomba nikatia udhu, mkono mmoja umevimba hauingii kwenye kiganja cha mwenzake. Nikarudi upande wetu, peke yangu, mbele ya ukuta uliofunguliwa, nikaswali rakaa zangu nne. Niliposhuka sijda ya kwanza, sakafu ilitoa sauti yake. Niliweka paji la uso juu ya ubao na kusikiliza, kama nilivyofundishwa, mpaka nikawa na hakika kwamba ukuta umenyamaza.